Daraja Lililoshukuriwa

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote, na wananchi wake wameshamshukuru mchora ramani kwa kutowasumbua. Kwa hiyo msiitafute. Na mkimwona mtu anasoma habari zake huku anacheka na kutazama dirishani, mwambieni anafananisha tu, maana mambo haya hayajatokea kwenu wala kwa jirani zenu.

Bunge la nchi hiyo lilisifika kwa adabu. Kuna mabunge ambako watu hurushiana maneno, na mengine hurushiana viti. Hili lilikuwa na kanuni mbili tu, na hizo zilitosha kuleta amani. Ya kwanza ilisema kwamba mbunge akisimama kuchangia ataanza kwa kushukuru, kwa kufuata vyeo, kutoka juu kushuka chini: Kiongozi Mkuu, Mwenyezi Mungu (mpangilio huo ulikuwa na wapinzani wake zamani, wakaelimishwa), Makamu, Spika, Naibu Spika, Waziri mwenye hoja, Naibu wake, Katibu Mkuu wake, na kuendelea hivyo hadi kwa mpishi wa kantini. Ukimruka mmoja, unaanza upya. Kila mbunge alipewa dakika kumi. Shukrani zilizonyooka zilikula dakika tisa na ushei, kwa mtu mwenye ulimi mwepesi, na muda uliobaki ulitosha kusema "naunga mkono hoja asilimia mia moja" na kukaa chini.

Kanuni ya pili ilikuwa fupi: shukrani haipingwi. Ilitungwa baada ya mbunge mmoja kushukuru kwa shule iliyojengwa jimboni kwake, na mwenzake kuuliza ni shule gani. Siku ile meza zilivunjika. Ikaamuliwa kwamba jambo likishashukuriwa ukumbini linaingia kwenye Taarifa Rasmi kama lilivyosemwa, na lililomo kwenye Taarifa Rasmi limefanyika. Tangu hapo nchi ile iliendelea kwa kasi ya kutisha.

Sheria nazo zilitungwa kwa utulivu. Kila muswada ulisomwa mara tatu, kama katiba ilivyotaka. Mara ya kwanza lilisomwa jina lake. Mara ya pili lilisomwa jina lake pamoja na la Waziri. Mara ya tatu lilisomwa jina lake kwa sauti kubwa, wabunge wakapiga meza, ikawa sheria. Yaliyomo ndani hayakusomwa, kwa kumheshimu aliyeyaandika. Upinzani ulikuwepo pia, wabunge wawili. Mmoja aliunga mkono kila hoja asilimia mia moja. Wa pili aliunga mkono asilimia tisini na tisa, na huyo alikuwa na ulinzi wa polisi.

*

Ndani ya Bunge hilo aliingia Asumini Lukwale, mwalimu wa darasa la tatu kutoka jimbo la Mtopeni. Mbunge aliyemtangulia alifariki dunia katikati ya shukrani, alipokuwa amefika kwa Naibu Waziri, na ikabidi wenzake wamalizie ndipo azikwe.

Mtopeni iko ng'ambo ya mto Ruhinga. Upande wa huku kuna barabara, soko, kituo cha afya na Serikali. Upande wa kule kuna Mtopeni. Kwa miaka mingi watu walivuka kwa kuomba Mungu, hadi mwaka ambao maji yaliwachukua watoto wa shule, na hapo wananchi wakaacha kuomba Serikali na kuanza kuchanga. Waya wa chuma waliutoa kwenye kiwanda cha katani kilichokufa. Mbao kila kaya ilitoa moja, kutoka popote ilipopatikana. Huyu alitoa ubao wa kitanda, yule wa dawati, mwingine mfuniko wa sanduku la marehemu baba yake. Bi Kidawa, mama yake Asumini, aling'oa mlango wa jiko lake, na kitasa chake kilibaki palepale katikati ya daraja, watu wakikiruka. Lilikuwa daraja baya kwa sura, likicheza ukipita, na hakuna aliyekufa tena.

Sasa Waziri wa Vivuko na Madaraja, Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Polikapi Nzobe, alileta Muswada wa Sheria ya Kulinda Hadhi ya Mito. Asumini alifanya jambo ambalo wageni hulifanya: aliusoma. Alipofika Kifungu cha Tisa akakisoma mara mbili. Kilisema: "Daraja lolote lisilo na muhuri wa Serikali litabomolewa." Kifungu cha Kumi kilipiga marufuku mitumbwi isiyo na muhuri. Mtopeni haikuwa na muhuri wa aina yoyote. Hata bendera ya shule walikuwa wameishona wenyewe.

Jioni alimpigia simu mdogo wake Semeni, aliyekuwa na mimba kubwa, ya kwanza, baada ya mbili kuharibika.

"Wakibomoa, dada, mimi nikishikwa na uchungu navukia wapi?" Semeni aliuliza.

"Hawabomoi. Nimeshapata dawa yake. Naongeza maneno matano tu kwenye hicho kifungu: ila lisibomolewe hadi lingine litakapojengwa. Nani atakataa hayo?"

"Basi kayaseme, dada. Wewe ndiye tuliyekutuma."

Asumini akacheka kwa kujiamini. Maneno matano! Yeye aliyekuwa akifundisha watoto sabini kwa chaki moja!

*

Siku ya kusomwa mara ya pili alipewa nafasi. Akasimama, akashukuru. Kiongozi Mkuu, Mungu, Makamu, Spika, alikuwa akienda vizuri sana, hadi alipofika kwa Waziri.

"Namshukuru Mheshimiwa Daktari Injinia Polikapi Nzobe..."

"Kuhusu utaratibu!" akaruka mbunge mmoja. "Mheshimiwa Spika, msemaji ameacha Uprofesa wa Mheshimiwa Waziri. Ameupeleka wapi?"

"Mheshimiwa Lukwale, anza upya," alisema Spika kwa upole.

Alianza upya. Kengele ililia akiwa kwa Katibu Mkuu. "Muda wako umekwisha, tunakushukuru kwa mchango wako mzito," alisema Spika, na wabunge wakapiga meza kwa sababu kweli ulikuwa mzito.

Alikwenda kwenye Kamati ya Kudumu, mahali ambapo miswada huchambuliwa. Mwenyekiti alimwambia kwamba kamati imeshauchambua. Karatasi yake ni nzuri, nyeupe, haipasuki. Akajaribu kuyaandika maneno yake na kuyapeleka kwa Katibu wa Bunge kama marekebisho. Katibu, mtu muungwana kabisa, alimweleza kwamba marekebisho hupokelewa yakiwa yameambatishwa na shukrani za kurasa arobaini. Asumini alitoka pale na kuingia chooni, akalia kidogo, akanawa uso, kisha akaenda kantini kunywa chai.

Huko alimkuta Mzee Gaudensi Tindwa, mbunge wa siku nyingi kuliko wote, aliyekuwa akila chapati na maharage peke yake. Jimbo lake lilikuwa na lami, umeme na maji, na hakuna aliyejua kwa nini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Kaa. Nimekuona jana unahangaika." Mzee alimega chapati. "Kosa lako ni moja. Wewe unataka kusema baada ya shukrani. Baada ya shukrani hakuna kitu humu ndani. Nimekaa miaka yote hii, sijawahi kufika huko."

"Sasa nifanyeje, mzee?"

"Sema ndani yake. Mshukuru kwa kile unachokitaka. Nani atapinga?"

Asumini alimtazama. Mzee akaendelea kula maharage yake kana kwamba hajasema lolote.

*

Kesho yake Asumini alisimama tena. Aliwashukuru wote, na Uprofesa akauweka mahali pake. Alipofika kwa Waziri akavuta pumzi.

"Nami namshukuru Mheshimiwa Profesa Daktari Injinia Polikapi Nzobe kwa busara yake ya kuongeza, mwishoni mwa Kifungu cha Tisa, maneno haya: ila lisibomolewe hadi lingine litakapojengwa."

Waziri alimgeukia Naibu wake. Naibu alimgeukia Katibu Mkuu. Kati yao hakuna aliyekuwa ameusoma muswada, kwa hiyo hakuna aliyejua kama maneno yale yalikuwemo au la. Waziri alifikiri, akaona yanafanana kabisa na busara yake, akainama kidogo kupokea shukrani. Meza zikapigwa. Katibu wa Bunge akaandika.

Asumini alikaa chini kwa furaha. Amewaweza! Alimtafuta Mzee Gaudensi kwa macho, mzee alikuwa amelala.

Ingeishia hapo, mngekuwa mmesoma hadithi ya nchi nyingine. Lakini baada yake alisimama mbunge wa Kilembwe Kusini, mtu mwenye wivu, ambaye hakuweza kuvumilia mgeni kumzidi kushukuru. Yeye akamshukuru Waziri kwa kuahidi hilo daraja lingine la Mtopeni. Aliyefuata, asionekane mchoyo, akashukuru kwa ujenzi kuanza. Wa tatu alishukuru kwa kasi ya mkandarasi. Mama mmoja wa viti vya nyuma alishukuru kwa njia mbili za magari na moja ya waenda kwa miguu. Yule mpinzani wa asilimia tisini na tisa alisimama kwa ghadhabu, akasema Serikali haijafanya vya kutosha, kisha akashukuru kwa taa. Ilipofika saa ya chakula daraja la Mtopeni lilikuwa limekamilika, limepakwa rangi, na Spika mwenyewe alishukuru kwa upepo mzuri unaovuma ukiwa juu yake.

Asumini aliruka kama aliyekalia msumari. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Hilo daraja halipo! Mimi natoka huko. Kuna mto na kuna mbao zetu, basi!"

Baridi iliingia ukumbini. Spika alivua miwani.

"Mheshimiwa Lukwale, nisaidie nikuelewe. Unapinga shukrani?"

"Sipingi shukrani, Mheshimiwa Spika. Nasema daraja halipo."

"Wenzako kumi na wanne wameshukuru. Unataka kuliambia taifa kwamba wanashukuru hewa?" Spika aliuliza bila hasira, kama mzazi. "Futa kauli, ama nikukabidhi kwa askari wa Bunge utoke hadi utakapokuwa na shukrani."

Angetoka, kura yake ingetoka naye, na Kifungu cha Tisa kingebaki bila mtu wa kukilinda. Alifikiri hivyo, na hadi leo hajui kama alifikiri sawasawa. Alifuta kauli. Muswada ukasomwa mara ya tatu kwa sauti kubwa. "Wanaoafiki?" Ndiyooo! "Wasioafiki?" Kimya, na mtu mmoja akakohoa akaomba radhi. Sheria ikapita pamoja na maneno yake matano, yote kamili, hakuna hata moja lililopotea.

*

Gari la matangazo lilifika ukingo wa Ruhinga wakati mvua za kwanza zinaanza, likatangaza kwa kipaza sauti kuelekea ng'ambo. Mheshimiwa Waziri atafika kufungua daraja jipya. Kwa kuwa jipya limeshajengwa, kwa mujibu wa Kifungu cha Tisa, la zamani litabomolewa siku hiyohiyo. Wananchi wanaombwa kujitokeza kwa wingi na kushukuru.

Wananchi wa Mtopeni walikuja kwa Asumini, aliyekuwa amerudi nyumbani. Hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililomuumiza.

"Mwalimu," alisema mzee mmoja, "umekwenda kutuombea daraja lisivunjwe, sasa linavunjwa kwa maneno yako?"

"Ndiyo, baba. Kwa maneno yangu."

Semeni alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba, mkono juu ya tumbo. Alimtazama dada yake, kisha akaugeukia mto. Alikwenda wilayani, akaambiwa Mkuu wa Wilaya yuko kwenye maandalizi. Alikwenda mkoani, wakamfungulia Taarifa Rasmi ukurasa wa daraja, wakamwonyesha hadi taa. Ofisa mmoja kijana alimnong'oneza kwamba yeye binafsi anamwamini, ila ameajiriwa.

*

Siku ya sherehe msafara wa magari meusi ulisimama upande wa huku. Waziri Nzobe alishuka akiwa na suti nyeupe na kofia ngumu ya ujenzi. Alikuwa na furaha ya kweli. Alishukuriwa sana kwa daraja lile, na kidogo kidogo akaanza kukumbuka alivyolijenga, jua lilivyokuwa kali, na mafundi walivyompenda.

Hema, viti vya wageni na sufuria za pilau vilikuwa ng'ambo, Mtopeni, kwa kuwa ndiko wenye kushukuru walikokuwa. Kwa hiyo Waziri, Katibu wake Mkuu, Mkuu wa Wilaya, wapiga picha na wapambe walivuka kwa kupita kwenye mbao. Waziri alishika waya kwa mikono miwili. "Tazameni mateso waliyokuwa nayo watu hawa kabla yangu," aliwaambia wapiga picha.

Asumini, aliyekuwa amekuja upande wa huku kuwapokea, alikuwa wa mwisho kuvuka, kwa vile mwenyeji hutanguliza wageni. Pale daraja lilipoanzia, penye nguzo, alimkuta msimamizi wa kazi aitwaye Ngwamba, na vijana wake wenye mashoka na misumeno.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Ngwamba. Alionekana mtu mwenye mashaka. "Naomba kuuliza. Mimi maagizo niliyopewa ni haya: Waziri akishavuka, bomoa. Sasa nimekaa hapa natafuta daraja jipya analotakiwa kuvukia, silioni. Nisije nikafukuzwa kazi. Hebu niambie wewe mkubwa, Waziri ameshavuka au hajavuka?"

Asumini alitazama ng'ambo. Kofia ngumu ilikuwa inaingia hemani. Alitazama mbao, ubao wa kitanda, ubao wa dawati, na kitasa cha jiko la mama yake kikiwaka juani. Alilipenda daraja lile kuliko alivyowahi kupenda jengo lolote. Alijua kwamba jioni, Waziri akisharudi na magari kuondoka, litavunjwa tu, na hakuna atakayekumbuka kulikuwa na watu kule. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Ameshavuka, mwanangu. Nimemwona kwa macho yangu. Ila nisubiri na mimi nivuke."

Alivuka taratibu. Katikati alichuchumaa, akakigusa kitasa, akaendelea.

*

Shukrani zilikuwa ndefu. Mkuu wa Wilaya alishukuru, mwenyekiti wa chama alishukuru, kwaya ikashukuru kwa sauti nne. Ulisikika mshindo mkubwa mtoni, Waziri akadhani ni fataki, akapunga mkono. Hatimaye alipewa mkasi, akasindikizwa hadi ukingoni ambako utepe ulikuwa umefungwa kati ya miti miwili. Nyuma ya utepe palikuwa na maji.

Waziri alitazama kulia na kushoto. "Daraja liko wapi?"

Mkuu wa Wilaya alimsogelea. "Lilishashukuriwa, Mheshimiwa."

Waziri alikata utepe, kwa kuwa mkasi ulikuwa mkononi na kamera zilikuwa zinatazama. Vipande viwili vilianguka majini vikaenda na mkondo. Ng'ambo ya pili magari yake meusi yalionekana vizuri kabisa, madereva wakiwa wamelala ndani. Penye nguzo Ngwamba alikuwa amepanga mbao vizuri, akapunga mkono kuonyesha kazi imekwisha.

"Leteni mtumbwi," aliamuru Waziri.

"Kifungu cha Kumi, Mheshimiwa," alisema Asumini.

"Basi iitwe helikopta ya Serikali!"

Katibu wake Mkuu alimsogelea sikioni, lakini kwa kuwa mto ulikuwa unanguruma ilibidi apaze sauti, na kila mtu akasikia. Helikopta ilishashukuriwa mwaka juzi, mara mbili, ila haijanunuliwa.

Mvua ikaanza kudondoka. Suti nyeupe ikalowa. Kwa mara ya kwanza tangu aapishwe, Profesa Daktari Injinia Polikapi Nzobe aliutazama mto kama watu wa Mtopeni wanavyoutazama, yaani kwa hofu. Hofu yake ilimgusa Asumini kidogo, si sana.

"Mheshimiwa Lukwale, mimi nina shinikizo la damu," alisema kwa sauti ndogo. "Dawa zangu ziko garini."

"Pole sana, Mheshimiwa. Hata mdogo wangu ana mimba na kituo cha afya kiko hukohuko kwenye dawa zako. Utalala kwake, chumba kipo. Akianza uchungu utakuwa wa kwanza kusikia."

Semeni, aliyekuwa amesimama nyuma akijishika kiuno, alicheka kwa mara ya kwanza tangu gari la matangazo lipite. Akampokea Waziri kofia yake ngumu, kama mwenyeji anavyompokea mgeni mzigo. Wananchi wakaanza kushukuru, kwa kufuata vyeo, bila kumruka mtu. Walishukuru kwa Serikali kukubali kuhamia kwao.

Waziri aligeuka kutoka kwa watu hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi kwa Asumini.

"Nitakaa hapa hadi lini?"

Mwalimu Asumini Lukwale alimjibu kwa sheria ya nchi, kama ilivyopitishwa, taratibu, jinsi alivyokuwa akiwasomea imla watoto wa darasa la tatu.

"Hadi lingine litakapojengwa."